Mpira Uliokwama Ndani ya Kompyuta

4 Julai

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na mwenye nafasi, maana ni ndefu na ina kazi ndani yake. Sisi hatujambo. Mama yako nyonga inamsumbua akipanda ngazi za chumba cha kufulia pale hospitali, lakini ukimuuliza anasema ngazi ndizo zinazoumwa. Mke wangu amehamisha makochi kwa mara ya tatu mwaka huu. Sasa mgeni akikaa sebuleni anatazamana na ukuta, na mwenyewe anasema ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Maelezo ya ufundi kwenye simu yanaingia sikio hili na kutokea lile. Barua naibandika ukutani juu ya kompyuta, nafuata mstari kwa mstari huku mikono yote miwili ikiwa kazini.

Sasa shida yenyewe. Ile kompyuta yangu ya mezani imegoma kupokea video kutoka kwenye kamera ya kanda. Nachomeka waya kwenye tundu la video la mbele, kamera inawaka, kompyuta inawaka, ila hazijuani. Zimekaa pale kama watu waliogombana halafu wakapangiwa kiti kimoja.

Ninayoitaka ni kanda moja tu. Fainali ya kina mama, timu ya hospitali na timu ya soko. Ulikuwa na miaka minane siku ile, kwa hiyo huenda unakumbuka vumbi tu. Penalti ya mwisho, Radi wa timu ya soko akapiga, mama yako golini akauangukia mpira kwenye mstari, refa akasema umeingia. Kombe likaenda sokoni na mama yako akapewa jina la Mlango Wazi, ambalo analo mpaka leo.

Kamati ya uwanja imeamua kuadhimisha miaka ishirini kwa kuchora bao hilo ukutani. Ukuta mzima wa uwanja, mpwa wangu, ule anaopita mama yako kila siku akienda kazini. Radi juu, mguu hewani. Mama yako chini, mpira nyuma yake wavuni. Mchoraji anaanza tarehe 20 Oktoba. Nimewaomba wasubiri waone kanda, wakaniuliza kanda hiyo inaonyeshwa kwenye nini.

Mama yako hajui kama nahangaika na jambo hili. Naomba aendelee kutojua.

Mjomba wako


19 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mzima. Ofisi imetuhamishia ghorofa ya chini, karibu na mitambo, kwa hiyo sasa tunaongea kwa kupiga kelele hata tukiwa tunasengenya. Mpe pole mkaza mjomba kwa makochi. Au nikupe wewe.

Haya, bandika hii ukutani.

Kwanza, zima vyote viwili kabla ya kuchomeka waya, halafu washa kompyuta, kamera iwe ya mwisho. Pili, kamera iweke upande wa kuonyesha na siyo wa kurekodi. Najua unajua, lakini hata mimi nimewahi kupoteza asubuhi nzima kwa kosa hilo na ninalipwa nisilifanye. Tatu, tafuta waya mwingine. Nne, fungua orodha ya vifaa kwenye kompyuta, utafute jina la tundu la video, uone kama lina alama ya njano.

Na maswali matatu. Je, kanda haiwezi kuonekana kwa njia nyingine, kwenye televisheni au kwenye kioo cha kamera yenyewe? Tundu lilifanya kazi mara ya mwisho lini? Na je, kuna mtu amefungua hiyo kompyuta tangu siku hiyo?

Mama nitamwambia nini akiuliza? Jana kwenye simu alisema siku hizi unanunua stempu kama mtu anayefungua posta.

Mpwa wako


2 Agosti

Mpwa wangu mpendwa,

Nashukuru kwa barua. Imekaa vizuri ukutani, ila mke wangu ameuliza kama sasa tunapamba nyumba kwa maelekezo. Kwetu salama. Jirani yangu fundi cherehani amenunua redio kubwa, kwa hiyo studio yangu ya video za harusi sasa inapata taarifa ya habari kupitia ukutani.

Nimefanya yote. Nimezima, nimewasha, kamera iko upande wa kuonyesha. Waya mwingine nimeuazima kwa Mzee wa Pasipoti, yule mpiga picha wa ng'ambo ya barabara. Hali ni ile ile. Kwenye orodha ya vifaa tundu lipo, halina alama yoyote, na maandishi yanasema kifaa hiki kinafanya kazi sawasawa. Nimeyasoma mara nne. Sijawahi kudanganywa kwa utulivu kiasi hicho.

Kuhusu njia nyingine: kioo cha pembeni cha kamera kilikufa zamani. Tundu la televisheni liling'oka siku ile bwana harusi alipojikwaa kwenye waya wangu akaenda nao mpaka kwenye keki. Kuna kidirisha cha kuchungulia kwa jicho moja, lakini humo mpira ni mdogo kuliko punje ya mtama. Na kompyuta za Mzee wa Pasipoti ni mpya mno, tundu la aina hii hazina kabisa. Alilitazama langu kama mtu anayeonyeshwa jino la babu yake.

Mara ya mwisho lilifanya kazi mwaka jana kabla ya mvua. Na hapana, kompyuta hii haijafunguliwa na fundi yeyote.

Kabla sijasahau: flashi niliyokuwa nahifadhia picha za mahafali nayo imekufa. Niliichomeka mbele, ikatoa joto, basi. Flashi za siku hizi hazina maisha.

Mama yako mwambie napenda stempu.

Mjomba wako


15 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii imekukuta umekaa.

Nilikuuliza kama kuna mtu amefungua kompyuta. Umenijibu kwamba hakuna fundi aliyeifungua. Mimi nimekua mikononi mwako, mjomba. Najua ukikwepa swali unalikwepa kwa adabu. Halafu chini kabisa, baada ya kusema "kabla sijasahau", unaniambia flashi iliungulia kwenye tundu la mbele.

Flashi haifi kwa joto bila sababu. Ndani ya mashine yako, kwenye bodi kubwa, kuna safu mbili za sindano ndogo zinazofanana kama pacha. Moja ni ya tundu la flashi la mbele, nyingine ya tundu la video la mbele. Waya zake nazo zinafanana. Ukizibadilishana, zinaingia bila kulalamika. Tofauti ni kwamba upande wa video unatoa umeme mkali zaidi ya mara mbili. Flashi ikichomekwa hapo inakuwa mkaa. Na kamera ikichomekwa kwenye tundu la video inaongea na safu isiyo yake, kwa hiyo haijibiwi.

Kwa hiyo nauliza tena, kama mpwa na kama fundi: mjomba, umefungua hiyo kompyuta?

Usichomeke tena kitu chochote mbele mpaka unijibu.

Mpwa wako anayekupenda


11 Septemba

Mpwa wangu,

Nimechelewa kukujibu. Ningeweza kusema nilikuwa na harusi mbili, na kweli nilikuwa nazo, lakini harusi haimzuii mtu kuandika mistari miwili.

Nilifungua. Ilikuwa inatoa vumbi kama kiwanda cha saruji, nikaona nisimsumbue mtu. Niliipuliza kwa pampu ya baiskeli, nikachomoa waya zote nikazipangusa moja moja kwa kitambaa, nikazirudisha kila mmoja mahali ulipoonekana kuridhika. Ikawaka. Nikajipongeza kwa siku tatu. Mke wangu ni shahidi, alizihesabu.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kukiri, kuna lingine, ambalo halipo ndani ya kompyuta.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa msichana, kwa nini kanda ile sijawahi kuitazama hata mara moja kwa kidirisha. Nilikwambia ni kazi nyingi. Siku ile refa hakuwa na uhakika. Alimuuliza msaidizi wake, msaidizi alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akanigeukia mimi, nyuma ya goli, na kamera yangu mpya begani. Akaniuliza, wewe wa kamera, umeingia? Uwanja mzima ukanitazama, na dada yangu akanitazama akiwa bado amelala juu ya mpira.

Nikasema sikuona.

Na kweli sikuona. Radi alipokimbia nilifumba macho yote mawili, hata lile lililokuwa kwenye kamera. Angekuwa golikipa mwingine ningetazama. Refa akapiga filimbi. Tangu siku hiyo mama yako hajanilaumu kwa neno hata moja, na ndiyo maana kanda sikuitazama. Kama uliingia, basi ni kweli nilikuwa sina la kumsaidia. Kama haukuingia, nimemwacha aitwe Mlango Wazi miaka ishirini kwa sababu ya kope zangu.

Sasa nataka kujua. Niambie nifanye nini.

Mjomba wako


22 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, halafu nikaisoma tena nimekaa. La pili ulilokiri mwenye kulijibu siyo mimi. La kwanza ndilo langu, na ninalijibu.

Kompyuta izimwe, ichomolewe ukutani. Fungua. Zile waya mbili zinazotoka usoni mwa mashine zing'oe zote, uziache zining'inie. Usizibadilishe, usijaribu kuziridhisha. Tundu la mbele tumelizika.

Nyuma ya mashine, chini ya tundu la spika, kuna tundu jingine la video, lililokuja pamoja na bodi yenyewe. Hilo hukuligusa kwa sababu meza yako imebanwa ukutani. Sogeza meza. Chomeka hapo.

Ikikataa na huko, basi kamera yako nayo imeungua tundu lake, na utahitaji kamera nyingine ya aina hiyo hiyo ambayo haijawahi kuonana na tundu la mbele. Usiniambie hakuna. Uliwahi kujisifu kwamba mji mzima zilinunuliwa mbili tu.

Kabla ya kucheza kanda, ipeleke mbele mpaka mwisho kisha uirudishe mwanzo. Imekaa miaka, utepe unaweza kuwa umegandana. Na ujue kwamba inahamia kwa mwendo wake ule ule. Mechi ya saa moja na nusu itachukua saa moja na nusu. Wakati huo usiguse kitu, usifungue kitu, hata panya wa kompyuta usimsogeze.

Zimebaki wiki nne.

Mpwa wako


21 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo kwa haraka. Mchoraji ameanza jana na wewe umenyamaza mwezi mzima. Nimempigia mama, ameniambia upo, unakula, na umesogeza meza. Nikamuuliza meza kwa nini, akasema, "Muulize mwenye meza," akakata simu.

Naandika nikiwa kazini, na mitambo hii inapiga kelele kuliko mimi, kwa hiyo sitaongeza neno.

Mpwa wako


30 Oktoba

Mpwa wangu, fundi wangu,

Kaa chini, tena kaa vizuri. Sisi wazima kupita kiasi. Nyonga ya mama yako imesahaulika. Makochi yamegeuzwa tena, safari hii kwa sababu nitakayoifikia.

Nilisogeza meza. Nyuma yake nilikuta kalamu saba, kadi ya mwaliko wa harusi ambayo ndoa yake ilishavunjika, na tundu. Nikachomeka kamera yangu. Kimya. Nikafuata barua yako mara mbili zaidi kuanzia juu. Kimya. Kwa hiyo kamera yangu ndiyo iliyoungua, na nilijua wazi iliyobaki iko wapi. Ndiyo maana nilinyamaza. Kamera ya pili aliinunua Radi.

Sijui kama unaelewa uzito wake. Radi ana saluni pale njia panda, na kombe la fainali anatilia vitana. Kila mwanamke anayesukwa mji huu anasukwa akitazamana na kombe lile. Nilipita mbele ya mlango wake siku tisa. Siku ya kumi alitoka mwenyewe na brashi mkononi akaniuliza kama natafuta kazi au natafuta mke.

Nikamweleza yote, mpaka habari za safu mbili za sindano. Alinisikiliza huku akiendelea kumsuka mteja, na mteja naye akasikiliza. Mwisho akasema:

"Yaani nikuazime kamera yangu uje kuninyang'anya bao langu."

Nikasema ndiyo, kwa ufupi ni hivyo.

"Basi nakuja nayo mwenyewe. Na dada yako awepo. Sitaki kuja kuhadithiwa."

Nilimbembeleza kuhusu hilo la dada, hakusikia. Mchoraji alikuwa ameanza siku mbili nyuma, tayari alishamaliza mguu wa Radi, na ni lazima nikiri alikuwa ameupendelea. Sikuwa na muda wa kubishana. Nikamfuata mama yako kazini, nikamwambia aje studio akitoka. Hakuuliza kwa nini. Alikuja na sare yake ya kufulia, mikono bado imekunjamana kwa maji, akakuta Radi amekaa kwenye kiti cha wateja na kamera mapajani kama mtoto wa kupimwa uzito. Wakasalimiana vizuri sana. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama wangegombana.

Nikaipeleka kanda mpaka mwisho, nikairudisha. Nikachomeka kwenye tundu la nyuma. Nikawasha kompyuta, halafu kamera.

Mpwa wangu, ilijibu. Kilitoka kisanduku kidogo katikati ya kioo, kina jina la kamera na namba zake zote, kinaniuliza nataka kufanya nini. Miezi minne nilikuwa nasubiri kuulizwa swali hilo. Nilibonyeza, nikaiondoa mikono yangu nikaikalia.

Saa moja na nusu tulikaa pale watatu, hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu. Radi alijiona ana kiuno, akajishika pale kilipokuwa. Mama yako alicheka mara moja, pale alipojiona ameingia uwanjani na glovu za mpira za kufulia mashuka. Fundi cherehani alizima redio yake. Mzee wa Pasipoti alivuka barabara akasimama mlangoni, na nyuma yake wengine, mpaka mwanga ukapungua ndani.

Ikafika penalti. Picha haikutetemeka hata kidogo. Siku ile nilifumba macho lakini bega langu lilikuwa linafanya kazi. Radi akakimbia, akapiga, mama yako akaruka upande ule ule, mpira ukampiga kifuani, ukadondoka, akaulalia. Na pale alipoulalia, nyuma ya mpira, upande wa wavu, kuna ukanda wa chokaa nyeupe upana wa vidole viwili. Mstari unaonekana nyuma ya mpira. Haukuingia. Haukukaribia kuingia.

Kanda ikaendelea. Refa akaja. Sauti yake ikasikika, ikauliza, wewe wa kamera, umeingia? Halafu ikasikika sauti yangu, ya kijana, karibu kabisa na maiki, safi kuliko sauti zote za siku ile.

"Sikuona."

Nilitamani tundu la nyuma nalo liungue. Watu wote mlangoni wakanitazama, safari ya pili katika maisha yangu. Mama yako ndiye pekee ambaye hakuwa anatazama kioo hata kabla ya hapo; alikuwa ananitazama mimi. Nikamwambia, dada, haukuingia. Nikamwambia nilifumba macho. Nikamwambia na mengine ambayo sikuandikii.

Akasema, "Mpira nilikuwa nimeukumbatia mimi. Kanda ya nini? Mimi nilikuwa nakusubiri wewe uone."

Kisha akanigonga kichwani kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akinigonga tulipokuwa wadogo na nimevunja kitu, akaniambia nirudishe nyuma aone tena ule mruko wake.

Tulirudisha mara sita. Mara ya sita ni Radi aliyeomba. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole kwenye ule ukanda wa chokaa, akakaa nao. Akasimama, akatoka bila kuaga, na watu wakaanza kunong'ona. Haikupita robo saa akarudi. Vitana ameviacha sijui wapi, kombe kalibeba kwapani, linanuka mafuta ya nywele mpaka barabarani. Akaliweka mapajani kwa mama yako.

"Chukua, golikipa. Ila mguu wangu ukutani haufutwi."

Mguu haukufutwa. Tulikwenda wote uwanjani jioni ile ile, umati nyuma yetu, Radi mbele akimweleza mchoraji kwa mikono pale mpira unapotakiwa kukaa. Mwenyekiti wa kamati alitaka kikao kwanza. Radi akamwambia kikao kimeshafanyika na yeye Radi ndiye aliyefungwa. Sasa mguu uko hewani, mzuri vile vile, na mpira uko mikononi mwa mama yako, na chokaa nyuma yake imechorwa nyeupe kiasi kwamba inaonekana kutoka kituo cha mabasi. Chini mchoraji ameandika MLANGO UMEFUNGWA. Mama yako alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba mikono imechorwa midogo. Imeongezwa.

Makochi yamegeuzwa yatazame kabati, kwa sababu mama yako amesema kombe likae kwetu mwezi huu na kwake mwezi ujao, kwa zamu. Mke wangu amekubali. Anasema limefanana na pazia.

Mechi nzima nimeitia kwenye diski, nakutumia pamoja na barua hii. Tundu la mbele nimeliziba kwa gundi.

Mjomba wako, aliyeona


25 Novemba

Mjomba, shikamoo sana.

Diski imefika, imepinda kidogo lakini inacheza. Mimi ni mzima, na ofisi yote ni wazima, nawasalimu kwa niaba yao kwa sababu wote wameitazama.

Niliiweka wakati wa chakula cha mchana nikidhani nitatazama peke yangu. Kufika penalti nyuma ya kiti changu walikuwa wamesimama kumi na mmoja, sahani mikononi. Wakagawanyika. Wa masjala wakasema umeingia, wa mitambo wakasema haukuingia, kelele zikazidi mitambo yenyewe mpaka mkurugenzi akashuka. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kula nasi hata biskuti. Akaomba ichezeshwe polepole. Akainama, akavaa miwani, akaivua, akaona chokaa. Akasema, "Haujaingia," kwa sauti ile ile anayokataa nayo likizo zetu, kisha akauliza yule golikipa ni nani, maana watu wa namna ile hawazaliwi kila siku.

Nikasema ni mama yangu.

Walicheka, mjomba. Wa masjala wakasema nawazidishia chumvi, kwamba kila mtu akiona shujaa anamfanya ndugu. Mmoja wao, kwa kunikejeli tu, akanirushia chupa ya maji iliyojaa kutoka upande wa pili wa chumba, kwa nguvu, usawa wa kichwa.

Niliidaka kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na sahani.

Hakuna aliyebisha tena.

Mpwa wako